Uibuaji wa kifua kikuu katika machimbo ya Shinyanga na Geita

Uibuaji wa kifua kikuu ni kazi ya kuwatafuta watu wenye ugonjwa huo (TB) ambao bado hawajagunduliwa, kwa kuwafuata wanakoishi na wanakofanyia kazi badala ya kuwangoja wafike hospitali. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kazi hiyo inawalenga hasa wachimbaji wadogo wa dhahabu na familia zao.

Sababu za kuwatafuta

Kifua kikuu husababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium tuberculosis, aliyetangazwa na Robert Koch tarehe 24 Machi 1882. Huenea kwa njia ya hewa. Kwa makadirio, mgonjwa asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu 5 hadi 15 kwa mwaka.

Mchimbaji yuko katika hatari zaidi kwa sababu kadhaa. Kuchoronga na kusaga mawe, hasa makavu, hutoa vumbi la silika ambalo huharibu mapafu na kuleta silikosisi, na mwenye silikosisi hushikwa na TB kwa urahisi. Mashimo hayana hewa ya kutosha, na wengi hulala wakisongamana kambini. Maambukizi ya VVU nayo hudhoofisha kinga ya mwili.

Zaidi ya hayo, mchimbaji hulipwa kwa kazi aliyoifanya. Siku ya kwenda zahanati ni siku isiyo na kipato. Kikohozi chake husemwa ni cha vumbi tu. Dhahabu ikivumishwa kwingine, huhama.

Njia zinazotumika

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza wafanyakazi wa sehemu zenye vumbi la silika, walioko kazini na walioacha, wachunguzwe TB kwa utaratibu maalumu. Njia kuu ni hizi:

* Uchunguzi machimboni. Wahudumu hufika kwenye maduara na makarasha, baada ya kukubaliana na viongozi wa machimbo, katika saa ambazo kazi imepungua. Huuliza juu ya kikohozi, homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito.
* Kufuatilia kaya. Mgonjwa akipatikana, watu anaoishi nao na anaofanya nao kazi huchunguzwa pia, hasa watoto wa chini ya miaka 5 na wenye VVU.
* Wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hawa hupita nyumba kwa nyumba na kupeleka makohozi maabara, hivyo mgonjwa hapotezi siku ya kazi.
* Waganga wa tiba asili na maduka ya dawa. Wakohoaji wengi huanzia huko; wakifundishwa dalili, huwaelekeza hospitali.

Vipimo

Darubini huweza kumkosa mgonjwa mwenye bakteria wachache. GeneXpert, kipimo kilichoidhinishwa na WHO mwaka 2010, hutambua vinasaba vya bakteria kwa muda wa saa 2 hivi na kuonyesha kama ana usugu kwa rifampisini. Picha ya eksirei husaidia kumpata hata asiyekohoa. Hata hivyo, makovu ya silikosisi hufanana na ya TB, kwa hiyo mwenye picha yenye shaka anapaswa kupimwa makohozi. Bila hivyo, mwenye TB huambiwa ana vumbi, na mwenye vumbi hupewa dawa za TB zisizomfaa.

Baada ya kupatikana

Kumpata mgonjwa ni nusu ya kazi. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6: miezi 2 ya dawa nne na miezi 4 ya dawa mbili. Nchini Tanzania dawa hizo hutolewa bure chini ya Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977.

Anayehamia machimbo mengine anahitaji barua ya uhamisho na namba ya simu inayofuatiliwa, la sivyo hukatiza dozi na usugu hutokea. Kwa sababu hiyo mafanikio ya uibuaji hayapimwi kwa idadi ya waliochunguzwa, bali kwa idadi ya walioanza dawa na kuzimaliza. Na maadamu mawe yanasagwa makavu, wagonjwa wapya wataendelea kutokea. Kumwagia maji wakati wa kusaga hupunguza vumbi hilo.