Mgeni Alikuwa na Mwenyeji: Wema Uliowekwa Sharti katika Miji ya Pwani

Katika karne ya 14, mfanyabiashara aliyetia nanga Mogadishu hakushuka pwani akiuliza nani atampokea. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika huko mwaka 1331, anasimulia kwamba mashua ndogo zilitoka mjini kulilaki jahazi zikiwa na vijana, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi sahani mmoja wa wafanyabiashara na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alifikia kwa mwenyeji huyo, ambaye ndiye aliyemsimamia katika kuuza mali yake na kununua alichohitaji. Aliyenunua kwake kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia kitu mwenyeji wake asipokuwepo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Wema wa mtu baki katika mji wa ugenini huwa tunausifu zaidi pale tusipoutarajia. Lakini mgeni anayelazimika kubahatisha wema yumo hatarini tayari, na ukiutazama utaratibu wa Mogadishu utaona kwamba wema unaomfaa ni ule ambao mji umeufanya wajibu.

Msafiri huyo huyo ametuachia kielelezo cha kulinganisha. Kutoka Mogadishu alipitia Mombasa, akalala huko usiku mmoja, kisha akafika Kilwa. Ilikuwa enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na dhahabu ya Sofala ilikuwa imeutajirisha mji. Sultani huyu alisifika kwa kutoa hata akapewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani mwenye zawadi nyingi. Ijumaa moja, baada ya sala, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani alizivua akampa. Ni ukarimu wa kustaajabisha, lakini ulikaa ndani ya mtu mmoja. Alipofariki alirithiwa na nduguye Daud, na Ibn Battuta anaeleza kwamba huyu aliwajibu waombaji kuwa mtoaji amekufa na hakuacha cha kutolewa. Wageni walingoja miezi mingi wakapewa kidogo, hata wakaacha kubisha mlangoni kwake. Mji ulikuwa ule ule na kiti kilikuwa kile kile, ila moyo wa aliyekikalia ndio uliobadilika. Mogadishu, ambako kumpokea mfanyabiashara hakukuwa fadhila ya sultani, mgeni hakuwa na sababu ya kuuliza ni nani anayetawala mwaka huo.

Wapo watakaosema kwamba huo haukuwa wema hata kidogo. Mwenyeji alifaidika na biashara ya mgeni wake, na sharti la kutouziana asipokuwepo lilimhakikishia nafasi yake. Ni kweli, na Ibn Battuta mwenyewe anakiri kwamba wenyeji waliona manufaa katika desturi hiyo. Hata hivyo kuna kifungu kimoja kinachopinga wazo kwamba faida ilikuwa shabaha pekee: mfanyabiashara aliyekuja mara kwa mara na kuwajua watu wa mji aliruhusiwa kufikia alikotaka. Kama nia ingekuwa kukamua wageni tu, huyu ndiye ambaye wangemfunga kwanza, maana ndiye mwenye mali ya kutegemewa kila msimu. Walimwachia kwa kuwa hakuhitaji tena kulindwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hawakuona aibu kukiri kwamba ujio wa mgeni humfaa mwenyeji pia. Manufaa ya pande mbili ndiyo yaliyoipa desturi nguvu ya kudumu, kwa sababu hakuna mji unaoweza kumtaka kila kijana awe mtakatifu, lakini unaweza kumtaka atimize sharti.

Hoja nzito zaidi ni ya nani aliyehesabiwa kuwa mgeni. Ibn Battuta, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, hakuchukuliwa na vijana wa mashua. Alipokewa na kadhi, akapelekwa kwa sultani, akalazwa katika nyumba ya wanafunzi na kulishwa kwa siku tatu. Kila daraja ilikuwa na mlango wake. Na katika kisa cha nguo za Kilwa, mwana wa sultani alizichukua tena zile nguo na kumlipa fakiri watumwa 10 badala yake. Sultani naye akaongeza watumwa 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watu hao 20 nao walikuwa ugenini, na hakuna aliyetoka na sahani kuwalaki. Doa hili halifutiki, na anayeisifu pwani ya zamani bila kulitaja anapotosha. Linatuonyesha pia kwamba desturi humlinda yule tu iliyemtaja, kwa hiyo swali la kuuliza katika kila mji ni nani ameachwa nje ya sharti.

Walioachwa nje hawakukosa akili ya kujijengea sharti lao. Katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishuka na misafara hadi Bagamoyo wakipita nchi za watu wasiowajua. Wanyamwezi na Wazaramo walikuwa watani, na utani ulimpa mtu haki ya kudai chakula kwa mtani wake na kutaniana naye bila kukosana. Aliyekufa mbali na ndugu, watani walishughulikia maziko yake. Desturi hiyo ikaingia na wahamiaji Dar es Salaam. Mpagazi hakuwa na mali ya kumvutia mwenyeji, hivyo hapa maelezo ya faida ya biashara hayatoshi.

Inaweza kudaiwa kwamba habari za Mogadishu zinasimama juu ya shahidi mmoja, aliyeyasimulia hayo zaidi ya miaka 20 baadaye, kitabu chake kikakamilika mwaka 1355. Lakini sharti la kubatilisha biashara halikumhusu yeye, halikumpamba, wala halikumpa sababu yoyote ya kulitunga. Na utani unathibitisha kwa njia nyingine kabisa kwamba jamii za eneo hili zilijua kuugeuza wema kuwa deni la kila mmoja. Leo anayeteremka stendi usiku Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi huambiwa awe mwangalifu na amwombe Mungu akutane na mtu mwema. Ushauri huo unamtwika mgeni mzigo ambao zamani uliwekwa juu ya mji. Watu wema wapo bado, na wanastahili shukrani; lakini mji unaojiita mkarimu hauna budi kusema wazi ni nani anayewajibika kwa mgeni, na ni lipi litamkuta anayempunja.