Birika, Mkoba Mweusi na Ng'ombe Sita au Wanane

Kule Wyoming, kaskazini mwa mji wa Casper, kuna mwamba uliokuwa na umbo la birika. Upepo na dhoruba zimeshaukata mdomo na mkono, lakini jina lilibaki, na hata eneo la mafuta lililo karibu likaitwa Teapot Dome. Mimi Mkenya nikisikia birika na serikali kwenye sentensi moja, akili inakimbilia chai, na si ile ya maziwa. Safari hii akili haikukosea.

Habari hii nilianza kuifuata baada ya kuacha chuo, wakati nilikuwa na muda mwingi na bando kidogo. Watergate kila mtu anaijua, hata kama ni jina tu. Lakini kwa karibu miaka 50 kabla ya Watergate, Mmarekani akitaka mfano wa serikali iliyooza alikuwa anataja Teapot Dome.

Mwanzo wa karne ya 20 meli za kivita zilikuwa zinaacha makaa ya mawe na kuhamia mafuta. Swali likawa, vita vikija na visima vimekauka, meli zitaenda na nini? Mwaka 1912 Rais Taft akatenga maeneo mawili ya mafuta California, Elk Hills na Buena Vista. Mwaka 1915 Rais Wilson akaongeza Teapot Dome. Yote yakawa akiba ya jeshi la wanamaji, yakae ardhini hadi siku ya shida, kama zile noti mama anaficha kwenye kabati ya vyombo.

Mwaka 1921 akaingia Rais Warren Harding, mtu wa watu, mpenda marafiki na karata. Kusimamia ardhi ya umma na maliasili akamteua rafiki yake Albert Fall, seneta wa New Mexico mwenye ranchi kubwa huko Three Rivers. Ranchi ilikuwa kubwa kweli, lakini Fall mwenyewe alikuwa amesota. Kodi ya ardhi hakuwa amelipa kwa miaka.

Fall alianza na karatasi. Tarehe 31 Mei 1921 Harding alitia sahihi amri ya kutoa akiba zile kwa wanamaji na kuziweka chini ya wizara ya Fall. Waziri wa wanamaji, Edwin Denby, alikubali bila vita. Aprili 1922 Fall akakodisha Teapot Dome yote kwa kampuni ya Harry Sinclair. Elk Hills ikaenda kwa Edward Doheny, tajiri wa mafuta wa California. Hakuna tenda iliyotangazwa. Hakuna aliyeambiwa.

Lazima niwe mkweli: hoja ya Fall haikuwa ya kijinga. Alisema majirani wakichimba visima pembeni, mafuta ya serikali yatavutwa chini kwa chini, kwa hivyo afadhali tuyauze sisi. Mafuta hufanya hivyo kweli. Na Doheny alikuwa ajenge matangi ya mafuta ya jeshi kule Pearl Harbor kama sehemu ya malipo. Ukisoma mikataba peke yake unaweza kusema, sawa tu, biashara hiyo. Kosa lilikuwa mahali pengine, kwenye ranchi.

Wachimbaji wadogo wa Wyoming waliofungiwa nje walilalamika kwa seneta wao. Gazeti la Wall Street Journal likachapisha habari ya mkataba tarehe 14 Aprili 1922. Seneti ikaanzisha uchunguzi, na kazi ikamwangukia Thomas Walsh wa Montana, wakili mkavu, mtu wa mafaili. Wizara ilimwaga nyaraka nyingi mno, nadhani wakitumaini atachoka. Walsh alizisoma karibu mwaka mzima na nusu, na vikao vilipoanza Oktoba 1923 watu hawakuwa wakisikiliza sana. Harding alikuwa ameshakufa Agosti. Fall alikuwa ameshaacha kazi.

Kilichomgeuza Fall kutoka mstaafu hadi mshukiwa ni macho ya majirani. Mhariri mmoja wa New Mexico, Carl Magee, aliiambia kamati kwamba ile ranchi iliyochakaa sasa ina barabara mpya na nguzo za kupendeza. Kodi imelipwa. Shamba la jirani limenunuliwa. Mshahara wa waziri ulikuwa dola 12,000 kwa mwaka. Walsh akauliza lile swali ambalo shangazi yeyote wa kijijini angeuliza: pesa ametoa wapi?

Fall akajibu kwa barua kwamba alikopeshwa dola 100,000 na Edward McLean, mwenye gazeti la Washington Post. McLean naye akadai ni mgonjwa, yuko Florida, hawezi kusafiri. Walsh akapanda treni akamfuata Palm Beach, Januari 1924. Pale McLean akakiri: aliandika hundi, ndiyo, lakini zilirudishwa bila kutolewa hata senti.

Halafu ikaja sehemu ninayoipenda sana. Archie Roosevelt, mtoto wa Rais wa zamani Theodore Roosevelt, alikuwa mwajiriwa wa Sinclair. Aliacha kazi, akaenda kwenye kamati kusema kwamba karani wa Sinclair alimtajia malipo ya dola 68,000 kwa msimamizi wa ranchi ya Fall. Karani akaitwa. Akasema Roosevelt hakusikia vizuri. Yeye alisema ng'ombe sita au wanane. Kwa Kiingereza cha haraka maneno hayo yanakaribiana, lakini bana! Na hata utetezi wenyewe ulikuwa mbovu, kwa sababu kweli Sinclair alikuwa amempelekea Fall ng'ombe, nguruwe na farasi.

Tarehe 24 Januari Doheny mwenyewe akajitokeza. Pesa zilikuwa zake, akasema. Alimtuma mwanawe Ned kwa Fall, pale Washington, na dola 100,000 taslimu ndani ya mkoba mweusi. Ni mkopo kwa rafiki wa zamani, na kwa mtu kama yeye ni kiasi kidogo tu. Alitamka hayo bila aibu, na alikiri anatarajia faida ya dola milioni 100 kutoka Elk Hills. Hati ya deni ipo? Ipo, lakini sahihi ya Fall imechanwa. Eti aliichana ili yeye akifa, Fall asisumbuliwe na warithi.

Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ilifuta mikataba yote na mafuta yakarudi kwa wanamaji. Mwaka huohuo, katika kesi iliyozaliwa na uchunguzi wa pembeni, mahakama hiyo ilikubali kwamba Bunge lina haki ya kumlazimisha raia kuja kutoa ushahidi. Kila unapoona tajiri wa Marekani akihojiwa na maseneta kwenye TV, msingi wake ni pale.

Watu wenyewe walipata hukumu za ajabu. Sinclair alikaa jela miezi kama sita, lakini si kwa hongo. Ni kwa kukataa kujibu maswali ya Seneti na kwa kukodi wapelelezi wawafuate watu wa jopo lililokuwa likisikiza kesi yake. Fall alipatikana na hatia ya kupokea hongo kutoka kwa Doheny Oktoba 1929, siku moja baada ya soko la hisa la New York kuanza kuporomoka. Alikuwa mgonjwa, kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa waziri wa kwanza wa Marekani kufungwa kwa uhalifu alioufanya akiwa ofisini.

Machi 1930 ikawa zamu ya Doheny, kwa mkoba uleule, pesa zilezile. Jopo likasema hana hatia ya kutoa hongo. Nimeisoma hii mara kadhaa nikitafuta maelezo ya kisheria, na yapo: hongo inategemea nia, na kila jopo linaamua nia ya mtu wake. Kwa hivyo kisheria Fall alipokea hongo ambayo hakuna mtu aliyeitoa.

Fall aliingia gereza la Santa Fe Julai 1931 na kutoka mwaka uliofuata. Faini ya dola 100,000 hakuwahi kuilipa. Hakuwa na kitu. Ranchi ya Three Rivers ilikuwa imeshaangukia mikononi mwa Doheny kwa sababu ya deni, na katikati ya miaka ya 1930 kampuni ya familia hiyo ikamwambia yeye na mkewe wafunge mizigo wahame.