Spea Inayochapwa

Benaco kule Ngara walimwengu walipajua Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu. Jina lilikuwepo kabla yao: ni la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Mimi nilipita pale mwaka huo. Ninachokumbuka zaidi ni lori la chakula lililoinuliwa kwa jeki kando ya njia, dereva amekaa kivulini. Kimevunjika kitu kidogo tu, akaniambia, ila kinatoka Dar es Salaam. Ilikuwa siku yake ya tano.

Mkoa huo huo wa Kagera, jeshi letu nalo lilipata kungoja fundi. Novemba 1978 askari wa Idi Amin walilipua daraja la Kyaka, wakidhani mto utawalinda. Wapiganaji tulikuwa nao, njia hatukuwa nayo. Mpaka wahandisi wa JWTZ walipoweka daraja la muda, ndipo magari yakavuka.

Wenzetu sasa wanajaribu kukufupisha kungoja huko. Mwaka 2012 jeshi la Marekani lilipeleka Afghanistan karakana nzima ndani ya kontena la futi 20, ikiwa na mashine ya kuchapa vitu. Fundi huchora kifaa kwenye kompyuta, mashine ikakijenga kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka. Nyingine hutumia unga wa chuma unaoyeyushwa kwa leza. Mwishoni mwa 2013 ndege ya kivita ya Uingereza, Tornado, iliruka ikiwa na kipande cha chuma kilichochapwa hivyo. Si kila spea inafaa, lakini. Chuma kinachobeba uzito sharti kipimwe, maana ufa wa ndani hauonekani kwa macho.

Wasiwasi wangu uko kwenye mchoro. Spea ya zamani ilikaa ghalani. Hii inakaa kwenye faili, na faili lina mwenyewe. Nchi inayonunua mashine na unga ng'ambo, kisha ikaomba na mchoro, bado imekaa kivulini na yule dereva. Sisi tuna Shirika la Nyumbu pale Kibaha, lililoanzishwa mwaka 1985 chini ya jeshi, ambalo limewahi kuunda magari yake. Mafundi wa namna hiyo ndio ningependa wapewe kazi ya kupima na kuchora upya spea za magari yetu, wakianza na yale ambayo viwanda vyake vimekwisha kufungwa. Kazi hiyo yaweza kuanza hata kabla mashine haijanunuliwa.