Kanisa Kuu la Mkunazini: Historia Fupi

Kanisa Kuu la Kristo, ambalo watu wa Unguja hulijua zaidi kwa jina la Mkunazini, limejengwa juu ya kiwanja cha soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa Juni 1873, baada ya Sultani Barghash kukubali mkataba ulioletwa na Waingereza. Mambo mengi yanayofanyika kanisani humo leo, kuanzia mahali pa altare hadi lugha ya sala, yaliamuliwa katika miaka michache iliyofuata.

Wajenzi wake walikuwa Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, iliyoanzishwa baada ya hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Kituo cha kwanza, karibu na Mto Shire, hakikudumu. Askofu Mackenzie alifariki huko mwaka 1862. Mrithi wake, Askofu Tozer, akahamia Unguja mwaka 1864 pamoja na Dk. Edward Steere. Sultani Majid akawakabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, na hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni. Mmoja wao, John Swedi, alipewa daraja la ushemasi mwaka 1879.

Steere ndiye baba wa Mkunazini, na heshima hiyo haina mshindani. Alisomea sheria, lakini Unguja alikuwa mwalimu, mpiga chapa na mfasiri. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870, na aliamini tangu mwanzo kwamba watu wasali kwa lugha wanayonunulia samaki sokoni. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya 1873. Mwaka uliofuata akawa askofu, na kazi ya ujenzi akaisimamia mwenyewe. Paa alilitaka liwe kuba refu la saruji na mawe ya matumbawe yaliyopondwa, lisilobebwa na boriti. Walikuwapo waliotabiri kwamba litawaangukia waumini. Halikuanguka, na Krismasi ya 1879 kanisa likafunguliwa.

Kisa kipendwacho kuliko vyote ni cha nguzo za sehemu ya ubatizo. Inasimuliwa kwamba askofu aliposafiri, mafundi walizisimamisha juu chini, naye aliporudi akaamua ziachwe vivyo hivyo. Altare nayo, kwa mapokeo ya kanisa, iko pale ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Kwa mapokeo hayo, kila anayepokea Komunyo Mkunazini hupiga magoti mahali ambapo wengine walipigwa, na mahubiri ya ukombozi yana uzito ambao kanisa lililojengwa kwingine lingeutafuta bila kuupata. Upo pia msalaba uliochongwa kwa mbao za mti wa kule Chitambo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa.

Steere alifariki Agosti 1882 na kuzikwa nyuma ya altare. Agano Jipya katika tafsiri yake lilitoka mwaka uliofuata. Cecil Majaliwa, aliyelelewa na misheni, akawa padre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufikia daraja hilo. Askofu Frank Weston aliongoza kuanzia 1908 hadi 1924.

Miaka iliyofuata ilikuwa na majira yake, ya Mapinduzi ya 1964 yakiwamo, na waumini wakapungua. Jimbo la Anglikana la Tanzania liliundwa mwaka 1970. John Ramadhani, mzaliwa wa Zanzibar, akawa askofu mwaka 1980 na askofu mkuu mwaka 1984. Sanamu za watumwa waliofungwa minyororo, kazi ya Clara Sörnäs, ziliwekwa uwanjani mwaka 1998. Baadaye paa likakarabatiwa kwa msaada wa wafadhili.

Watalii husimuliwa habari hizi kila siku. Inafaa vijana wa kipaimara nao wafundishwe, tena kabla ya wageni.