Pesa ya Mke ni ya Nani? Mila na Biashara za Wanawake Vijijini Pwani

Ukitaka kuona biashara za wanawake wa vijiji vyetu, nenda Kibuyuni, Kwale, siku za bamvua maji yakitoka. Utawakuta kina mama kwenye maji ya magoti wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi. Kwengineko kina mama karanga wako ufuoni na makarai yao wakingoja vyombo vitie nanga, na waliobaki barazani wanasuka ukili wa mikeka au wanashona makuti. Kazi hizi zilichaguliwa na mila kabla ya kuchaguliwa na soko. Mwani hulimwa karibu na nyumbani, kwa miguu, na maji yakijaa mama yuko kwa watoto wake. Ukili husukwa mtu akizungumza. Samaki hukaangwa mlangoni.

Mila hiyo hiyo ndiyo inayoweka mpaka. Samaki mkubwa humwendea tajiri, kwa kuwa ndiye aliyemkopesha mvuvi nyavu na mashine, na deni hilo hulipwa kwa samaki. Mama karanga huokota kinachobaki. Ili naye awe tajiri anahitaji mtaji wa kukopesha nyavu, na anahitaji kukaa ufuoni saa za alfajiri akibishana bei na wanaume. La pili huwa zito kuliko la kwanza, maana kijiji kina mdomo.

Wengi husema dini ndiyo inayomzuia. Mimi sikubali. Sura ya An-Nisaa, aya ya 32, inasema wanaume wana fungu katika walichochuma, na wanawake wana fungu katika walichochuma. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara na Mtume (S.A.W.) alimsafirishia bidhaa. Mali ya mke ni yake, na matumizi ya nyumba ni juu ya mume hata kama mke ana pesa. Tunachofanya vijijini ni kinyume: mke akianza kupika mahamri, mume anaacha kununua unga wa nyumbani. Mwezi wa kwanza anasema hana, wa pili haulizwi tena. Ada za skuli nazo zinahamia kwenye karai. Hapo faida inaliwa, kisha mtaji, na tunasema mwanamke hajui biashara. Halafu kuna harusi. Sare ya leso mara tatu kwa mwaka yaweza kummaliza mtu mwenye mtaji wa elfu tano.

La mirathi ndilo zito zaidi. Aya ya 7 ya sura hiyo hiyo inampa mwanamke fungu lake, kiwe kidogo au kingi, na mahakama za Kadhi zina mamlaka ya kuamua mirathi ya Waislamu wakikubali kufika mbele yake. Lakini mashamba mangapi ya minazi yamekaa bila kugawanywa tangu babu afariki? Dada huletewa kikapu cha nazi wakati wa Ramadhani na huambiwa shamba ni la wote. Akidai fungu lake anaambiwa anavunja udugu. Basi hana hati, na asiye na hati hana dhamana ya kupeleka benki.

Ndiyo maana mchezo, au chama kama wasemavyo wabara, umedumu. Hauna riba, hauna karatasi, na anayekimbia zamu yake ataonekana kisimani kesho. Udhaifu wake ni kwamba pesa huja mara moja, na mara nyingi huingia kwenye vyombo au harusi. Serikali nayo ilianzisha hazina ya biashara za wanawake mwaka 2007, kisha ikaja Hazina ya Uwezo, zinazokopesha vikundi bila kudai hati ya shamba. Uwezo haitozi riba, ila ada ya usimamizi ya asilimia 3. Kwa masikio ya wengi ada hiyo ni riba iliyobadilishwa jina, na kina mama wachamungu hujitoa. Hili maimamu wangelieleza mimbarini kwa uwazi, iwe ni halali au si halali, badala ya kuwaachia wanong'one. Benki za Kiislamu zimekuwapo nchini tangu 2008, lakini matawi yake yako mijini.

Na eda haitajwi kabisa kwenye semina za biashara. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, kwa hivyo muda huo ni karibu mavuno matatu. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi humruhusu mjane kutoka mchana kwa haja, na iko hadithi ya mwanamke aliyekuwa edani, aliyepewa ruhusa na Mtume (S.A.W.) aende akavune tende zake. Vijijini ruhusa hiyo haijulikani, au inajulikana na haisemwi. Kamba zake hubaki baharini mpaka dada au binti azishike, na asiye na dada wala binti hurudi kuanza na mbegu za kukopa.