"Balozi wenu ni nani?" Swali la Kisesa lililounganisha kompyuta mbili

Ukitaja Kisesa, wengi hukumbuka Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora. Wana haki. Lakini mji huu mdogo, kilomita 20 hivi mashariki mwa jiji la Mwanza kwenye barabara ya Musoma, una historia nyingine isiyo na makumbusho. Miaka 10 imeshapita tangu Juni 2015, kumbukumbu za vijijini na za kituo cha afya, kila moja ndani ya kompyuta yake, zilipoanza kutambuana.

Chimbuko ni mwaka 1994. Mradi wa TANESA, wa Tanzania na Uholanzi, pamoja na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) Mwanza, ulianza kuandikisha kaya za Kisesa: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Kila baada ya miaka mitatu hivi damu ilipimwa kufuatilia VVU. Dawa za kufubaza virusi zilipofika, kituo cha afya kikawa na kliniki ya matunzo na tiba (CTC), nayo ikawa na mfumo wake wa kompyuta.

Hapo ndipo kazi ilipokwama. Kijijini mtu alijulikana kwa namba ya kaya, kliniki kwa namba ya CTC, na namba hizo hazikuwa na udugu. Aliyetaka kujua kama wanaoishi na virusi wanazifikia dawa alishika nusu mbili za habari moja, bila uzi wa kuzishona.

Njia ya mkato ilikuwa kuiachia kompyuta ilinganishe majina, jinsia na mwaka wa kuzaliwa. Mtu wa Usukumani anaijua shida yake. Karani mmoja huandika Ng'wandu, mwingine Mwandu. Mama huyohuyo hapa anatumia jina la baba, pale la mume. Na Kulwa na Doto je? Mapacha wana baba mmoja, kaya moja, mwaka mmoja wa kuzaliwa. Kwa mashine wanakaribia kuwa mtu mmoja. Kwa daktari ni mafaili mawili yasiyopaswa kuchanganywa.

Mtafiti Christopher Rentsch na wenzake wakatengeneza programu iitwayo PIRL, wakaipeleka mahali mgonjwa mwenyewe alipo. Akiridhia, msaidizi wa utafiti mwenye kompyuta ya mapajani humwuliza majina yake, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, kitongoji, na swali ambalo mtaalamu wa mbali asingelifikiria: balozi wenu wa nyumba kumi ni nani? Programu hutoa alama kwa kila kinachofanana, hata tahajia zikipishana, kisha hupanga wanaoelekea kuwa ndiye. Mashine haikati shauri. Mgonjwa huulizwa anaishi na nani. Akiwataja wa nyumbani kwake na majina yakaoana na orodha ya kaya, ubishi umekwisha.

Je, usumbufu huo ulikuwa na faida? Watafiti hao walipima njia zote mbili, na mwaka 2018 wakachapisha majibu: kompyuta ikiachwa peke yake ilikosea sana. Iliwaacha waliokuwemo na kuwaunganisha wasiohusiana, kiasi cha kuweza kupotosha hitimisho la utafiti. Mgonjwa aliyekaa kwenye benchi alijua asichokijua mtambo.

Tangu hapo mifumo ya afya nchini imeendelea kuunganishwa, na matumaini mengi yamewekwa kwenye namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Ni jambo jema. Lakini watoto wengi wa chini ya miaka 18 hawana namba hiyo, na karani bado anaandika jina kama alivyolisikia. Inauma kuona somo lililopatikana kwa jasho la wanavijiji wetu likijulikana zaidi kwenye majarida ya nje kuliko kwenye ofisi zetu. Wanaounda mifumo mipya wapande daladala hadi Kisesa, wakae kwenye benchi la kliniki, wamsikilize mgonjwa akimtaja balozi wake.