Sanduku la mbao na mwangaza wa jua: historia fupi ya kupiga picha bila mali mingi

Watu wengi mu miji yetu wanafikiri kwamba kupiga picha ni kazi ya mwenye pesa: aparei ya bei kali, taa za umeme, studio yenye vioo. Lakini historia ya inchi yetu inaonyesha ingine. Hapa Kongo, hii kazi iliingia mu mikono ya watu wetu kwa njia ya mbao, kitambaa na jua. Tunataka kueleza gisi ilifanyika, na deni gani ilituachia.

Mwanzoni, picha nyingi za Kongo zilipigwa na wageni: maofisa, wamisionere, watu wa makampuni. Mutu alisimamishwa, akapigwa picha, na picha ikapanda mashua kwenda Ulaya. Mara nyingi yeye mwenyewe hakuiona hata siku moja. Ndiyo maana tunamutaja Antoine Freitas, aliyezaliwa Angola mwaka wa 1919 na kufanya kazi Léopoldville. Kuna picha ya mwaka wa 1939 inayomuonyesha Bena Mulumba, mu Kasai: yuko na sanduku lake juu ya miguu mitatu, na kundi la watu limemuzunguka.

Lile sanduku lilikuwa aparei na chumba cha giza pamoja. Seremala yeyote mwenye akili aliweza kulitengeneza. Kitu cha lazima kununua kilikuwa lensi. Kando kulikuwa tundu lenye mukono wa kitambaa cheusi, ambamo mupiga picha aliingiza mukono wake bila mwangaza kupita. Ndani kulikuwa karatasi na vyombo viwili vya dawa: moja ya kutokeza picha, ingine ya kuikamatisha isipotee. Karatasi ile haioni mwangaza mwekundu, kwa hiyo kipande cha kioo chekundu kilitosha kuchungulia kazi ya ndani. Kifuniko cha lensi ndicho kilikuwa saa: kutoa, kuhesabu, kurudisha.

Picha ya kwanza ilitoka kinyume: uso mweusi ulikuwa mweupe, shati nyeupe ikawa nyeusi. Basi waliibandika ku ubao mbele ya lensi, wakaipiga tena, na sura ikageuka sawasawa. Ndoo ya maji ilimaliza kazi. Mwenyewe alingoja dakika chache tu, akaenda na sura yake mu mufuko. Hapo ndipo mambo yaligeuka.

Mwangaza nao ulitafutwa bila franka. Jua la saa sita linatia giza mu macho, kwa hiyo mutu alikalishwa mu kivuli cha baraza, akitazama mbingu wazi. Shuka nyeupe kando yake ilirudisha mwangaza ku upande wa giza wa uso. Kitambaa chepesi ku dirisha kilipunguza ukali. Penye umeme, debe la mafuta lililokatwa na kusuguliwa linaweza kushika kazi ya kioo nyuma ya ampuli. Na mwenye kazi alijua kanuni ambayo sisi walimu tunaandikaka ubaoni: ukiongeza umbali wa taa mara mbili, mwangaza unapungua mara ine.

Hata waliopata aparei za dukani hawakuacha ile akili ya mikono. Jean Depara, mwenye kujulikana kwa picha za usiku wa Léopoldville, alinunua aparei ndogo ya Adox mwaka wa 1950 juu ya ndoa yake. Kisha alipokaa mu ule muji, aliunganisha picha na kutengeneza kinga, saa na aparei za watu.

Sasa deni. Kazi ya haraka ilitaka maji kidogo, na picha isiyosafishwa vizuri inabakiza dawa. Pole pole inakuwa manjano na kufifia. Tena zile karatasi za kinyume, nani angeziweka? Wageni waliweka picha zao mu makabati ya Ubelgiji, na ziko mupaka leo. Zetu ziko chini ya magodoro, zinaliwa na unyevu. Tusipoangalia, wajukuu watajua sura ya babu zao kwa jicho la mugeni tu.

Dawa yake ni ya bei ndogo, kama ile ya wazee. Weka picha ya zamani juu ya meza karibu na dirisha, jua lisiigonge. Simamisha karatasi nyeupe upande wa pili. Zima flashi ya telefone, sababu inang'aa juu ya karatasi, kisha piga picha kutoka juu, bila kuinamisha telefone. Mwishoni muite mama ao muzee wa nyumba, aseme majina, na wewe uandike nyuma ya picha na kalamu ya risasi, pole pole. Picha bila jina ni yatima. Ile kazi haingoje serikali wala pesa. Inangoja mwangaza wa asubuhi tu, na wazee wangali na macho ya kutambua.